Desemba inakaribia: kabla hujatupa vitu vya bibi, pita huku kwanza

MamaKihamba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Msimu umeshaanza. Ukisimama barabara ya kupanda Kibosho, huku Kilimanjaro, wiki hizi utaona pikapu zinapita na mabati, ndoo za rangi, gipsamu na runinga kubwa kubwa. Watoto wa Dar na Mwanza wanatuma hela ili nyumba ya nyumbani ipendeze kabla ukoo haujakutana Krismasi. Hapo sina neno. Neno langu liko kwa vile vinavyotolewa mlango wa nyuma: vitambaa vya kroshia, picha za fremu, kabati la mringaringa, sahani za bati zenye maua, taa za chemli. Vinapelekwa bandani kwa mbuzi au vinachomwa moto, halafu ndani linaingia kochi la kijivu, pazia la kijivu na ukuta wa kijivu. Ukitembelea nyumba tatu za ukoo mmoja utadhani zote ni mapokezi ya lodge ileile.

Sisemi tuishi makumbusho. Ninachosema ni kwamba vitu vile vilikuwa na sababu ya kukaa pale vilipokaa, na sababu hiyo ndiyo iliyovipa uzuri. Chukua kitambaa cha kochi. Karne ya 19 wanaume wa Ulaya walijipaka mafuta mazito kichwani, migongo ya viti ikawa inachafuka, basi wanawake wakafuma vitambaa vya kuweka pale kichwa kinapoegemea. Bibi zetu nao wakajifunza kufuma, wakaweka maua wanayoyajua wao. Kitambaa kinafuliwa, kinapigwa pasi, kochi linabaki safi. Siku hizi tunanunua kochi la mamilioni, tunaliacha na nailoni yake ya dukani mwaka mzima, mgeni akikaa linalia.

Halafu kuna kadi. Sebule nyingi za huku mlimani zilikuwa na kamba ukutani, na kwenye kamba zimening'inizwa kadi za Krismasi za miaka nenda rudi: ya mjomba aliyesomea Ujerumani, ya padri, ya rafiki wa kalamu. Kanisa limezama kwenye theluji, gari la farasi, ndege mwenye kifua chekundu. Najua vijana mnazicheka. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilitoka London mwaka 1843. Bwana Henry Cole alizidiwa na barua za kujibu, akamwagiza mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja itakayofaa kwa watu wote. Zikachapishwa kama elfu moja hivi, zikauzwa shilingi moja moja, ambayo kwa kibarua wa wakati ule haikuwa hela ndogo. Posta ya peni moja ilikuwa imeanza 1840, kwa hiyo kutuma ikawa rahisi kuliko kununua. Na kadi yenyewe haina theluji hata chembe. Katikati ipo familia mezani inakunywa mvinyo, kushoto na kulia watu wanawapa maskini chakula na nguo. Wapinga pombe walikuja juu kwa sababu hata mtoto mdogo anaonjeshwa glasi.

Theluji na ndege vilikuja baadaye. Ndege yule naye ana kisa: matarishi wa Uingereza enzi hizo walivaa koti jekundu, watu wakawatania kwa jina la ndege huyo, robin, wachoraji wakaanza kumchora amebeba barua mdomoni. Mimi nikijua hilo, kadi naiona kwa jicho lingine kabisa.

Haya, leteni mawazo. Na kama umeokoa kitu cha zamani, tuambie umekiweka wapi.

ChaliiWaSakina

Mleta mada nakuheshimu, ila hapa hapana. Theluji ya Ulaya inatuhusu nini sisi? Desemba huku jua la utosi, mtu katundika farasi anavuta watu kwenye barafu. Mwaka jana nilialikwa Njiro, mwenye nyumba katandaza pamba juu ya mti wa plastiki eti theluji. Feni inazunguka, pamba inaruka mpaka kwenye pilau. Huo ni utumwa wa fikra, tusiuite mapambo.

MtoriMzito

Pamba kwenye pilau! Nimeweka kambi hapa.

MamaKihamba

ChaliiWaSakina mdogo wangu, pamba kwenye pilau sitaitetea. Lakini nani kakwambia theluji ni ya Ulaya peke yao? Mmisionari Johannes Rebmann aliiona juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, taarifa yake ikachapishwa mwaka uliofuata, na wasomi wa London, Desborough Cooley akiwa mbele, wakambishia miaka na miaka kwamba theluji haiwezi kukaa jirani na ikweta. Sasa sikia utamu wenyewe. Desemba hiyohiyo ya 1848 gazeti la Illustrated London News lilitoa picha ya Malkia Victoria na familia yake wamezunguka mti wa Krismasi, na baada ya hapo Waingereza wengi wakataka mti nyumbani. Yaani wao wanajifunza kupamba mti wa Kijerumani sebuleni, huku wanakataa kwamba Mchaga ana theluji juu ya shamba lake.

Na hii yetu inaondoka. Wanasayansi walipolinganisha hali ya 1912 na ya 2007 walikuta barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa asilimia 85. Nyumba nyingi huku zina picha ya Kibo ya zamani, ya studio au iliyokatwa kwenye kalenda, nyeusi na nyeupe, mlima umevaa kofia nzima. Hiyo ndiyo picha ya theluji ninayotaka kuiona sebuleni kwa watu kabla ya gari la farasi. Mnaitoa ukutani mnaweka maandishi ya plastiki yaliyotoka China.

FundiFremu

Nimo kwenye kazi ya fremu hapa Moshi, niongezee upande wangu.

Watu wanaleta kadi na picha wakiuliza kama ni mali au takataka. Mimi naanza na lenzi, hata ile ya kusomea maandishi madogo. Picha ya kiwanda cha kisasa ukiikuza inaonyesha vidoa vidogo vya duara vimejipanga kwa safu, kama gwaride. Kadi nzuri za mwisho wa karne ya 19 zilichapwa kwa mawe. Ufundi huo aliuanzisha Alois Senefelder huko Bavaria mwaka 1796: unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, unalilowesha maji, kisha unapitisha wino wa mafuta. Wino unashika penye mchoro, penye maji unakataa. Sasa kila rangi ina jiwe lake. Kadi ya rangi kumi imepita kwenye mawe kumi, na kila mara karatasi ilale palepale, ikisogea kidogo tu ndege anaota mdomo wa pili. Louis Prang wa Boston alijulikana sana kwa kadi za namna hii kuanzia miaka ya 1870. Ukiitazama kwa lenzi utaona vidoa vya ovyo, vingine vikubwa vingine vidogo, na rangi imelala nzito. Nyingi za kwenye kamba za wazee ni za miaka ya sitini na sabini, za mashine, hazina bei. Lakini mara mojamoja inatokea moja iliyokuwa ndani ya Biblia ya mtu, na hapo hata mimi naosha mikono kwanza.

Mambo yanayoua picha ni haya. Selotepu: gundi yake inageuka kahawia, inapenya karatasi na haitoki. Laminesheni: ukishaipitisha kwenye joto hakuna kurudi nyuma. Kioo kulala moja kwa moja juu ya picha: unyevu ukiingia picha inaganda kwenye kioo, kwa hiyo mwambie fundi aweke ukingo wa karatasi ngumu katikati. Jua la dirishani linafuta rangi, nyekundu mara nyingi ndiyo inatangulia. Na hadibodi ya nyuma ikigusa karatasi miaka mingi inaiunguza, utaona madoa ya njano. Weka karatasi safi nyeupe katikati. Fremu isibane ukuta wa nje, hasa kwa nyumba za huku juu ambazo Aprili ukuta unatoa jasho. Gundisha vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe za nyuma hewa ipite.

Kama picha ya marehemu imeshaganda kwenye kioo, USIIVUTE. Ipigwe picha ikiwa hivyohivyo na kioo chake, mengine baadaye.

ShemejiWaMachame

Fundi, hayo ya pembe za kizibo nimeyapokea. Ila mnaongea kama vile vitu vya zamani vinajipangusa vyenyewe. Kwa mama mkwe kuna kabati lina vikombe ambavyo havijawahi kunywewa tangu nioe, kila Desemba sisi wakwe ndio tunaoviosha kimoja kimoja, tunavirudisha, tunakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Uzuri wa kila siku uko wapi hapo?

MamaKihamba

Shemeji hapo umenena. Kikombe kinywewe. Kikivunjika kimevunjika, angalau kilikuwa kikombe.

MwanaKwaya

Bwana asifiwe. Nimesoma yote. Sisi Walutheri wa KKKT huku Kaskazini tumelelewa na misheni ya Leipzig iliyofika mlimani 1893, kwa hiyo baadhi ya mambo yalikuja kanisani moja kwa moja. Mfano taji la Majilio, lile la mishumaa ya kungojea Krismasi. Wengi wanadhani ni la tangu enzi za mitume. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini Hamburg, watoto wakawa wanamsumbua kila siku Krismasi lini, Krismasi lini. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili, kila siku wanawasha mmoja. Watoto wakawa wanahesabu wenyewe.

Hapo ndipo ninapokubaliana na mleta mada kuhusu sababu. Kitu kilikuwa kalenda ya watoto. Leo unakuta taji la plastiki lenye mishumaa ya betri, limewashwa yote tangu Novemba, halihesabu chochote. Kwetu tunatumia ungo wa zamani uliotoboka, tunazungushia matawi, mishumaa minne ya kawaida ya dukani tunaisimamisha kwenye vikopo vyenye mchanga. Wanangu wanagombania zamu ya kuwasha.

MzeeWaUru

Mama, umetaja kadi na kochi, hujataja mmea wa masale. Ni heri, maana kuna dada mmoja kule mjini nimemwona amekata masale akayafunga ribini mlangoni. Sale halichezewi. Ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na ukimpelekea mtu sale unamwomba msamaha.

MamaKihamba

Mzee wangu shikamoo. Nilikuwa njiani kufika huko. Wazungu walipamba kwa mti wa kijani kwa sababu wakati wa baridi miti yao mingi inapukutika, sasa ule mmoja unaobaki kijani unakuwa na maana. Sisi mgomba ni kijani, kahawa ni kijani, mparachichi kijani, mwaka mzima. Tawi la kijani ndani ya nyumba ya Kibosho halimshangazi mtu. Ndiyo maana mti wa plastiki kwangu unakaa kama mgeni asiyejua amekuja kufanya nini. Sale naliheshimu, lakini kulipanda kwenye chungu pembeni ya mlango likiwa hai sioni kosa, wazee wamelipanda hivyo mipakani siku zote. Kulikata na kulifunga ribini, hapana, nakuunga mkono.

MzeeWaUru

Marahaba. Chungu, sawa. Ribini isiwepo.

BintiTengeru

Naomba niwe kinyume kidogo na wote. Mnapambana na Desemba wakati baridi yetu ni Julai!

London mwishoni mwa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, mchana mzima haufiki urefu wa saa nane. Mtu wa hivyo lazima atafute mshumaa, blanketi, rangi nyekundu, kitu chochote kinachong'aa. Huku Desemba jua linakwenda mpaka saa kumi na mbili na nusu ipite, milango iko wazi, watu wako nje chini ya mti na nyama. Sebule hata haikaliwi. Halafu inakuja Juni, Julai: Arusha yote imefunikwa na wingu, Meru huioni wiki nzima, sakafu ya taili inauma miguu, watu wanaingia ndani saa kumi na mbili na koti la mtumba mwilini. Hapo ndipo nyumba inapotakiwa kupendeza, na hapo ndipo tumeshaweka kila kitu kwenye boksi mpaka mwakani.

Mimi zile taa ndogo za Krismasi nazitoa Juni. Nimebadilisha balbu ya sebuleni, badala ya ule mwanga mweupe wa duka la dawa nimeweka wa njano. Shuka la Kimaasai jekundu kwenye mgongo wa kochi, sahani ya bati ya bibi imejaa machungwa mezani, na kamba ya kadi za theluji nimeining'iniza juu ya meza ya chai. Julai zile kadi zinaeleweka kabisa, ChaliiWaSakina jaribu. Ila jamani jiko la mkaa lisiingie ndani mkafunga madirisha, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu wamelala.

Jambo jingine la huku kwetu. Mnajua Tengeru kulikuwa na makazi ya wakimbizi wa Poland? Walianza kufika 1942, takriban elfu tano, wengi wanawake na watoto, wakiwa wametokea kwenye uhamisho Siberia na kupitia Iran. Makaburi yao yapo hadi leo. Kila nikipita huwaza mtu aliyetoka kwenye baridi ya Siberia akasherehekea Krismasi chini ya migomba ya Wameru. Sidhani kama alitandaza pamba kwenye mti.

MtoriMzito

Huyu wa Julai apewe maua yake.

MamaKihamba

BintiTengeru umenifungua. Nataka kukaa hapo kidogo, mnivumilie.

Kuna mchoro mmoja wa theluji ninaoupenda kuliko kadi zote. Aliuchora Pieter Bruegel mwaka 1565, uko Vienna, picha zake zipo tele mtandaoni. Wawindaji wanarudi kijijini na mbwa waliochoka, mabega yameanguka, kwa siku nzima wamepata mbweha mmoja tu. Chini bondeni watu wanateleza kwenye barafu. Wengi wanaishia hapo. Lakini angalia kushoto, nje ya nyumba ya wageni: watu wamewasha moto mkubwa, wanambabua nguruwe manyoya. Mimi nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Hiyo ni asubuhi ya tarehe 24 nyumbani kwetu! Moshi unafuata upepo, mmoja ameshika kisu, mwingine anatoa maelekezo na hafanyi kazi.

Bruegel aliichora kwa nyumba ya tajiri mmoja wa Antwerp, moja kati ya picha za majira ya mwaka. Tajiri yule angeweza kutundika malaika na wafalme, akatundika watu wanababua nguruwe. Na majira ya baridi ya kuelekea 1565 yalikuwa makali kwelikweli Ulaya, kwa hiyo theluji ile haikuwa mapambo, ilikuwa habari.

Ndio maana ninasema, ukitaka picha ya sebuleni usianzie dukani. Tafuta kwenye albamu ya ukoo picha ambayo hakuna aliyepozi. Kwetu ipo moja ya miaka ya themanini, wanawake wanachambua kahawa uani, mmoja amegeuka anamfokea mtoto ambaye haonekani. Niliikuza kidogo tu, nikaiweka kwenye fremu ya zamani ya mbao. Wageni wanapita runinga wanakwenda kusimama pale, wanaanza kutaja majina.

ChaliiWaSakina

Sawa, ya kahawa na ya Julai nimekubali. Farasi bado simtaki. Mimi nina mchoro wa Tingatinga wa baba mdogo, chui na ndege, upo chini ya kitanda tangu tuhame. Huo si ndio wa kwetu? Au nao mtauletea historia.

FundiFremu

Historia ipo, hukwepi. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968, akipaka rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya bodi ya kuezekea dari. Vifaa vya fundi wa mtaani. Alifariki 1972, wanafunzi wake wakaendeleza. Kama wa baba mdogo ni wa bodi na sio turubai, geuza uangalie nyuma, mara nyingi kuna jina na pengine alama za kukatia. Usiupake vanishi kwa kuuhurumia. Chini ya kitanda utoe leo, bodi ikinyonya maji inavimba pembeni na haishuki tena. Vumbi lipanguse kwa brashi laini kavu.

ShemejiWaMachame

Mke wangu ameuona uzi huu. Vikombe vimeshushwa.

BintiTengeru

Hongera shemeji. Kimevunjika kingapi?

ShemejiWaMachame

Bado mapema.

ChaliiWaSakina

Fundi, nimeutoa. Jina lipo nyuma ila limefifia, pembe moja imeliwa kidogo. Ni kama sentimita 60 kwa 60. Fremu ya mbao bila kioo bei gani?

FundiFremu

Rangi ya mafuta haihitaji kioo, hapo umeokoa hela. Bei inategemea mbao: mpodo ni nafuu, mringaringa inapendeza zaidi na chui. Pembe iliyoliwa usiikate, fremu itaifunika. Njoo na picha yenyewe, na usije tarehe 23 kama wenzako.